Sura ya Sita: Zao Lisilofika Uchagani

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Malindi ilikuwa magofu na vichaka. Sayyid Majid wa Zanzibar akaufufua mji, na kabla ya kizazi kimoja kupita majahazi yalikuwa yakiondoka hapo na shehena za mtama, simsim na mahindi, mengi yakielekea Bara Arabu. Frederick Cooper, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 1977 kitabu kuhusu mashamba ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi Malindi ilivyogeuka kuwa mji wa nafaka. Utajiri huo ulisimama juu ya vitu viwili ambavyo mwenye shamba hakuvilipia: jasho la watumwa, na udongo uliokuwa umepumzika chini ya vichaka kwa miaka mingi.

Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907. Nguvu ya udongo haikufutwa na sheria yoyote. Ilikwisha kimyakimya, msimu baada ya msimu. Wakulima wa Kimijikenda waliijua dawa yake tangu zamani. Shamba likichoka waliliacha lirudi kichaka, wakafungua jingine, na baada ya miaka kumi au zaidi wakarudi walikoanzia. Dawa hiyo inahitaji ardhi nyingi na watu wachache. Leo kutoka Ganda hadi Kakuyuni na Jilore hali ni kinyume: shamba ni lilelile, linalimwa kila mvua za mwaka, na mara nyingi vuli pia.

Sura hii inahusu njia ya kuupa udongo pumziko bila kungoja miaka kumi. Unapanda mmea wa jamii ya kunde, unauacha ufunike ardhi, kisha unaukata na kuuacha uoze palepale ili nafaka ya msimu unaofuata ipate chakula. Ndiyo mbolea ya kijani. Kwamba inaongeza mavuno ya mahindi ni jambo lililopimwa vya kutosha, hata hapa pwani. Lililobaki ni kujua nani anaweza kuilipia, kwa sababu malipo yake ni ardhi na msimu mzima.

Kinachoondoka na gunia

Tuanze na hesabu. Ekari moja iliyotoa magunia kumi ya kilo 90 imetoa kilo 900 za mahindi. Ndani ya punje hizo mna naitrojeni kama asilimia moja na nusu, yaani kilo 13 na ushei. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN, yenye naitrojeni asilimia 26, una kilo 13. Kwa hiyo kila magunia kumi yanayopanda uchagani yanaondoka na mfuko mmoja wa CAN, hata kama mkulima hakununua hata kopo moja. Mabua yakibebwa kwenda kulisha ng'ombe, au yakichomwa kusafisha shamba, hasara inazidi.

Udongo wa vilima vya Magarini, ule mwekundu wa kichanga unaoonekana ukitoka Malindi kuelekea kaskazini na bara, hauna akiba kubwa ya kufidia. Mchanga haushiki chakula cha mimea kama udongo wa mfinyanzi. Mvua kubwa za Mei hushusha naitrojeni chini kuliko mizizi ya mahindi inakofika. Jambo hili liliwahi kuonekana kwa kiwango kikubwa. Mpango wa Makazi wa Magarini, uliofadhiliwa na Australia hadi mwaka 1989, ulikusudia kuziweka familia kwenye kilimo cha kudumu katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa wakiipumzisha. Vichaka vilisafishwa, maji yakawa haba, na mavuno hayakuwa kama yalivyotarajiwa na waliochora mipango. Hadi leo mradi huo hutajwa na wanaosomea misaada ya maendeleo kama mfano wa kushindwa.

Njia nyingine ya kufidia kilichoondoka ni dukani. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa mbolea nchini Kenya ilipita shilingi 6,000. Serikali ikaweka ruzuku iliyoushusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Ruzuku ilisaidia, lakini mfuko wa CAN uliomwagwa juu ya mchanga mtupu, usio na majani yaliyooza ndani yake, hupotea upesi. Mbolea hiyo inahitaji kitu cha kuishika, na kitu hicho hakiuzwi kwenye mfuko.

Naitrojeni ya bure, lakini si ya miujiza

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Mahindi husimama ndani yake yakigeuka manjano kwa njaa, kwa sababu mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Mimea ya jamii ya kunde huweza, kwa msaada wa bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walilithibitisha hilo katika miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe na kuwakuza.

Mkulima hahitaji maabara kujua kama kazi inafanyika. Chimbua mche wa kunde ukikaribia kutoa maua, usiung'oe kwa nguvu. Pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, mmea huo unakula naitrojeni ya udongo kama mahindi yanavyokula.

Shamba la mukuna, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, likisitawi vizuri linaweza kukusanya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, na zaidi mvua zikiwa njema. Hiyo ni kama kilo 40 kwa ekari, sawa na mifuko mitatu ya CAN. Hapa ndipo watangazaji wa mbolea ya kijani huishia, na ndipo mkulima mwangalifu anapoanza kuuliza. Sehemu ya naitrojeni hiyo imetoka udongoni, haikutoka hewani. Na katika ile inayorudi, mahindi ya msimu wa kwanza hupata kwa kawaida chini ya theluthi. Nyingine hubaki katika udongo, nyingine huzama au kupaa. Theluthi ya kilo 40 ni kilo 13. Tumerudi kwenye mfuko mmoja wa CAN na magunia kumi. Mukuna inalipa deni la mavuno ya kadiri. Haimtajirishi mtu kwa msimu mmoja.

Tena, fosforasi haitengenezwi na mmea wowote. Ikiwa udongo umeikosa, hata vinundu vyenyewe vitakuwa vidogo. Samadi ya mbuzi, majivu, au mbolea kidogo ya kupandia bado vina kazi yake. Mbolea ya kijani hupunguza bili ya dukani, haiifuti.

Upupu usiowasha

Mwaka 1994 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Kenya, KARI, ilianzisha mtandao wa kuchunguza mimea ya jamii ya kunde katika sehemu mbalimbali za nchi, kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation. Kituo cha Mtwapa, ambacho tangu KARI ilipounganishwa na taasisi nyingine ni sehemu ya KALRO, kilibeba kazi ya pwani. Aina nyingi zilijaribiwa, na miongoni mwake kulikuwa na mukuna, kanavalia, marejea na fiwi.

Mukuna ndiyo iliyovutia wengi, na ndiyo iliyoleta mashaka mengi. Ni ndugu wa upupu wa porini, ule ambao maganda yake yana vinyweleo vya kuwasha hadi mtu akajikuna damu. Kila mtoto wa pwani anaujua, na hakuna mzee atakayefurahi kuuona unapandwa kwa mistari. Mukuna ya kulimwa haina vinyweleo hivyo, lakini jani lake na mtambao wake ni vilevile. Bwana shamba anayegawa mbegu zake hukutana kwanza na swali la upupu, kisha na swali zito zaidi:

"Mwanangu, tuseme hauwashi. Unaliwa?"

Jibu la kweli ni hapana. Mbegu za mukuna zina kemikali iitwayo L-dopa, ileile inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, kwa kiasi ambacho ni sumu kwa anayeila bila kuitayarisha. Mwaka 1989 kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa njaa na vita, watu walikula mbegu hizo bila kuziondolea sumu ipasavyo, na wengi wakachanganyikiwa akili. Kanavalia nayo ina sumu yake mbeguni. Kuchemsha mara nyingi na kumwaga maji hupunguza, lakini hakuna mama mwenye haraka ya jioni ambaye tunapaswa kumpa kazi hiyo.

Mbele ya mifugo habari ni nzuri zaidi. Rahab Muinga na wenzake wa Mtwapa walichapisha mwaka 2003 utafiti wa kuwalisha ng'ombe wa maziwa majani ya mukuna juu ya nyasi za nepia, na wakaona kuwa ni chakula cha kuongezea kinachofaa. Hapo pana mvutano, kwa sababu jani lililoingia tumboni mwa ng'ombe halikubaki shambani. Anayelisha mukuna na asiyerudisha samadi amehamisha rutuba tu kutoka shamba kwenda zizini.

Marejea ina historia yake kusini mwa Tanzania, ambako Padri Gerold Rupper wa Peramiho aliieneza sana miongoni mwa wakulima wa mahindi. Husimama wima, haipandi juu ya mahindi, na huoza upesi ikikatwa ingali laini. Fiwi inaliwa, mifugo wanaipenda, na majani yake yalipopimwa Mtwapa yaliachilia sehemu kubwa ya naitrojeni katika wiki za mwanzo. Wepesi huo ni neema mahindi yakiwa tayari ardhini, na ni hasara shamba likiwa tupu.

Msimu gani utoe

Kalenda ya pwani ina nafasi moja. Mvua za mwaka huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, hufika kilele Mei, na mahindi huvunwa Julai na Agosti. Vuli huja Oktoba na Novemba, na haiaminiki. Anayepanda mahindi ya vuli huvuna vizuri mwaka mmoja na kukosa mwaka mwingine. Msimu unaoweza kutolewa kwa zao lisilofika uchagani ni huo.

Njia inayofaa ni kupachika mukuna ndani ya mahindi ya mwaka. Ukiipanda siku moja na mahindi, itayapanda mabua na kuyalaza. Ngoja mpaka mahindi yafike magotini na palizi ya kwanza ipite, kisha weka mbegu katikati ya mistari. Mahindi yakivunwa, mukuna inabaki na shamba lake, inatumia manyunyu ya Julai na Agosti, inafunika ardhi wakati wa vuli na kuyanyima magugu mwanga. Kwa wakulima wengi faida ya kwanza wanayoiona ni hii ya magugu, kabla ya naitrojeni yoyote. Palizi iliyopungua mara moja ni siku kadhaa za mgongo wa mama.

Ikifika Januari kaskazi inavuma, na tatizo la pwani linajitokeza. Majani yamekauka, mchwa wanayabeba, mbuzi wanaachiliwa kuzurura, na jirani anachoma shamba lake bila kuzuia moto. Asiyelinda tandiko hilo kwa miezi mitatu hatabaki na kitu. Kuzika majani kwa jembe kungeyaficha, lakini kwenye mchanga wenye joto yangeoza upesi mno. Afadhali yabaki juu, yakikinga udongo na jua na matone makubwa ya mwanzo.

Kisha inakuja siku ya kuamua. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alichapisha matokeo ambayo wataalamu wa dunia nzima sasa huyaita kwa jina lake: udongo uliokauka kabisa ukilowanishwa, vijidudu huamka kwa kishindo na kuachilia naitrojeni nyingi katika siku chache, kisha mwachilio hupungua. Kwa mkulima wa Malindi maana yake ni kwamba sehemu nono ya mbolea yake ya kijani hutoka na mvua ya kwanza, na anayepanda wiki tatu baadaye atakuta imezama. Wazee waliokuwa wakitia mbegu kwenye ardhi kavu kabla ya mvua walikuwa wakiiwahi karamu hiyo.

Shamba la nani?

Hadi hapa nimesema kama kwamba kila mkulima ana shamba. Hapana. Kisumu Ndogo, jina la mtaa ulioko Malindi na pia Kilifi mjini, ni mahali pa vyumba vya kupanga. Wapo wakazi wake wanaotegemea kibarua, uchuuzi na hoteli, na ambao mvua zikikaribia hutafuta pia ekari moja au nusu nje ya mji. Wengine huilipia kodi, wengine hupewa kwa mdomo na mwenyewe anayeishi Mombasa au mbali zaidi, wengine hulima kiwanja ambacho hakijajengwa. Makubaliano ni ya msimu. Mahindi yakishavunwa hajui kama Aprili ijayo atakaribishwa.

Hali hii ina mizizi mirefu. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayaandikishe. Waliokuwa na nyaraka na waliojua njia za ofisini walipata hati. Wamijikenda wengi, waliokuwa wakilima kwa mila na kuhamahama na vichaka vyao, walibaki maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Zaidi ya karne moja baadaye Kilifi bado inazungumza juu ya maskwota na wenye ardhi wasioonekana.

Sasa mwambie mpangaji huyu apande mukuna Mei, ailinde hadi Machi, na avune faida yake Agosti ya mwaka unaofuata. Akikataa, hajakataa sayansi, amefanya hesabu. Mpangaji hapigi plasta ukuta wa mwenye nyumba ikiwa anaweza kuhamishwa mwisho wa mwezi. Tena akiufanya udongo uwe mzuri, anaweza kuwa amejipandishia kodi mwenyewe.

Watafiti wa mimea hii waliwahi kuiona hali inayofanana na hii kwingine. Nchini Benin mukuna ilianza na wakulima wachache mwaka 1987, na kufikia 1996 wapatao 10,000 walikuwa wakiijaribu, wengi kwa sababu iliua nyasi sugu. Lakini sehemu ya mvuto wake ilikuwa ni mbegu zilizonunuliwa na miradi. Wanunuzi walipotoweka, wengi waliiacha. Mmea ulikuwa uleule na vinundu vyake vilevile. Kilichobadilika ni malipo ya msimu.

Kila mkulima na mmea wake

Ndiyo maana ushauri mmoja kwa wote haufai. Mwenye shamba lake Jilore, mwenye ekari nne au tano na uhakika kwamba wanawe watazilima, na apande mukuna kwenye robo ya shamba kila mwaka, akizungusha. Robo hiyo itamnyima mahindi ya vuli ambayo huenda yasingepatikana, na itampunguzia palizi na CAN mwaka unaofuata. Awekee kipande kidogo cha mbegu, akikizungushia miiba, kwa sababu mbegu ya mukuna haipatikani katika kila duka.

Anayekodi kwa msimu apande kinacholipa ndani ya msimu: kunde na pojo. Majani ya kunde yanakwenda sokoni baada ya wiki chache, na pojo huvunwa ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Tusimdanganye, hata hivyo. Naitrojeni nyingi ya kunde iko katika punje, na punje zikiondoka, kinachobaki kwa mahindi ni kidogo. Faida inaongezeka akikata mimea usawa wa ardhi badala ya kuing'oa, vinundu vikabaki chini, na akitandaza makapi shambani badala ya kuyaacha uani. Ni mbolea ndogo iliyoambatana na mboga ya kweli.

Kati yao yuko anayepewa miaka miwili au mitatu. Huyo namshauri mbaazi. Pwani haihitaji kufundishwa kuila; ikipikwa kwa nazi na kuliwa na mahamri ina soko lake kila asubuhi. Ikipandwa na mahindi hukua polepole, haiyasumbui, kisha mahindi yakiondoka hutanua, hudondosha majani yake shambani, na mizizi yake mirefu hupandisha chakula kilichozama. Watafiti wameonyesha pia kwamba mizizi hiyo hutoa asidi zinazofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma udongoni, jambo la thamani kwenye udongo mwekundu.

Lakini mpangaji anaweza pia kusogezwa karibu na mwenye shamba, kwa sababu kodi ya vuli ni ndogo na mavuno yake hayana uhakika. Mwenye ardhi anaweza kuisamehe kwa sharti kwamba shamba lifunikwe kwa mukuna au marejea, na kwamba aliyelifunika ndiye atakayelipanda mvua za mwaka, kwa kodi ileile. Mwenye ardhi anarudishiwa udongo wenye nguvu bila kutoa shilingi. Mpangaji anapata haki ya kuvuna alichokiweka. Makubaliano hayo yanahitaji tu karatasi moja ya daftari, sahihi mbili, na mzee wa mtaa kama shahidi. Mipango ya kilimo ya kaunti hupima mafanikio kwa kilo za mbegu na mifuko iliyogawiwa. Ingehesabu karatasi hizo pia, ingejua ni ekari ngapi kweli zina nafasi ya kurudishiwa rutuba, kabla ya kuagiza mbegu hata moja.